Kulwa, Puliza Hapa

Mimi simwamini mtu anayekohoa mbele ya kamera. Nimekaa maabara ya Hospitali ya Pumzi miaka kumi na tisa, na anayeniona mkali aje akalie kiti changu wiki moja. Wachimbaji wanaotaka cheti cha kurudi mgodini huwatuma kaka zao wazima wapigwe picha kwa niaba yao. Wanaotaka likizo hukohoa hadi machozi, na wakishavuka geti wanaagiza mishikaki. Kwa hiyo yule mwanamke aliposimama mlangoni kwangu Jumatatu asubuhi, mara ya tatu ndani ya mwezi, ameshika cheti chenye neno SAFI na bado analalamika, nilimwona tapeli kabla hajafungua mdomo.

Aliitwa Doto Lusangija. Alikuwa refa wa ligi ya wanawake, miaka thelathini na mitatu, na kipenga kilining'inia shingoni kwake kwa kamba ya kijani hata siku isiyo na mechi. Kwa miaka miwili zahanati ya mtaani kwao ilimtibu pumu. Alipoanza kutema makohozi yenye damu wakamwanzishia dawa za kifua kikuu, akazimeza miezi sita bila kuruka hata siku moja, akabaki vilevile. Ndipo akaja kwetu, kwa sababu kila mtu Mwanza anaamini kwamba masanduku yetu hayakosei.

Nilimuuliza anataka nini zaidi, maana cheti anacho.

"Dada Nyanzobe," alisema, jina langu amelisoma kwenye koti, "nyinyi mnasema mimi mzima. Mimi kipenga nakipuliza nusu, pumzi inakata. Wachezaji wanadhani sijaamua."

Nikamwambia arudi saa nane mchana. Sikuwa na nia ya kumsaidia. Nilitaka muda wa kumchunguza, nijue anamdanganya nani na kwa faida gani.

*

Ukumbi wa masanduku uko chini ya maabara, umechongwa ndani ya jabali. Mle kuna masanduku ya kioo, na kila moja lina pafu dogo, saizi ya ngumi, linalovuta na kutoa pumzi bila mwenyewe kuwapo. Siku hiyo yalikuwa ishirini. Pafu la sandukuni huoteshwa kwa siku tisa kutokana na makohozi ya mgonjwa, na hakuna dawa ya saratani inayoingia mwilini mwa mtu kabla pafu hilo halijaionja kwanza. Likinyauka, dawa inaachwa. Likinawiri, tunampa mwenyewe.

Anayetoa jibu ni Mpambanuzi, mashine iliyofundishwa kulinganisha picha ya mtu na pafu la sandukuni. Ili isichanganye, kila jalada lina majina mawili. Mtu mwenyewe anaitwa Kulwa, na pafu lake la sandukuni linaitwa Doto, kama tunavyowaita mapacha huku kwetu Usukumani, wa kwanza kutoka na wa pili. Utani huo niliuanzisha mimi mwaka wangu wa kwanza kazini. Niliuandika kwenye mashine kwa mkono wangu, ukapendwa, ukawa sheria. Niliposimama mbele ya sanduku lililoandikwa "Doto wa Doto Lusangija" nilicheka peke yangu.

Pafu lilikuwa linapumua vizuri. Kwenye bomba lake la kushoto kulikuwa na kovu dogo, mahali ambapo kisu cha mwanga kilikata kinundu. Hilo halikunishtua. Mapafu ya sandukuni huota vinundu kama viazi vilivyosahaulika jikoni, na Mpambanuzi akiona kinundu sandukuni ambacho hakipo kwenye picha ya mtu, hukiita taka, hukikata, huandika SAFI. Taka hizo zinatakiwa kuchomwa siku hiyohiyo. Mimi sizichomi. Huzitia kwenye vichupa vyenye dawa ya kuzuia kuoza na kuzificha ndani ya jokofu bovu la stoo, kwa sababu siku zote nimemshuku mtu anayeharakisha kuchoma kitu.

Mtu huyo, kwa mawazo yangu, alikuwa Daktari Machumu, bingwa wa upasuaji na mkuu wa hospitali. Amri ya kuchoma ilitoka kwake. Vyeti hutia sahihi arobaini kwa mpigo huku anakunywa chai. Na wiki iliyotangulia alikuwa amepita ukumbini akaulizia sanduku la Lusangija litaondolewa lini, swali ambalo sijawahi kumsikia akiliuliza kwa sanduku jingine lolote. Niliandika tarehe na saa kwenye daftari langu.

Nikachukua kichupa. Nikakata ukanda mwembamba wa ile taka, nikautia rangi, nikauweka chini ya hadubini ya zamani ambayo wenzangu wa maabara huiita makumbusho.

Taka ya kawaida inachosha kutazama. Chembe zake ni za aina moja, zimejipanga ovyo. Hii ilikuwa na aina tatu. Kulikuwa na chembe zilizovimba kwa ute, kulikuwa na chembe bapa zilizoshikana kama vigae, na katikati yake kulikuwa na chembe ndogondogo ambazo zilikuwa hazijaamua ziwe nini. Nilitazama mpaka jicho likauma. Mchanganyiko huo niliuona mara moja tu maishani, chuoni, kwenye kioo ambacho mwalimu wetu alikifunga kwa kitambaa asikiguse mtu. Ni saratani inayofanana na ile ya tezi za mate za mdomoni, ila yenyewe huanzia kwenye tezi ndogo zilizo ndani ya bomba la hewa la pafu. Haijali kama mtu anavuta sigara au havuti, na vijana huwapata pia. Mara nyingi hukua polepole, ikiziba bomba kidogo kidogo, kifua kinaanza kupiga mluzi, na kila anayeusikia anasema pumu. Ikiwahiwa hukatwa ikaisha. Ikiachwa inaliua pafu, na kuna siku inasafiri kwenda kwingine.

Niliogopa. Halafu, kwa kuwa ndivyo nilivyoumbwa, nikaanza kutafuta ni nani anayenichezea.

*

Nilifungua picha. Bomba la kushoto la mtu aliyepigwa picha lilikuwa wazi, halina hata doa. Mpambanuzi alikuwa amelinganisha pia mate ya mtu huyo na chembe za sandukuni, na vinasaba vilikuwa vya mtu mmoja, bila tofauti. Kwa hiyo ama mimi nilichanganya vichupa, jambo ambalo sijawahi kufanya, ama kuna mtu aliingia kwenye jalada akabadilisha picha. Nikaliandika jina la Machumu, nikalipigia mstari.

Saa nane Doto akarudi. Nikamkalisha, nikatoa kile kifaa cha mipira cha kusikilizia kifua, ambacho siku hizi wagonjwa wanadhani ni pambo. Upande wa kulia hewa ilipita. Nikahamia kushoto, chini kidogo ya bega. Mluzi. Nikamwambia akohoe, avute tena pumzi. Mluzi palepale. Pumu hupiga mluzi kifua kizima, lakini huu ulikuwa umekaa mahali pamoja, kama upepo kwenye mlango uliorudishwa nusu. Kifua kile hakikuwa cha picha ile.

Hapo nikaona nimemkamata, na nasema ukweli, nilifurahi. Nilimwambia mchezo umekwisha. Nilimwambia nawajua watu wanaotuma wengine wapigwe picha, kwamba yeye alitafuta cheti safi ili chama cha marefa kisimwondoe uwanjani, na sasa ameona damu anataka tumtibu kimyakimya. Nilisema mengi na sikuyasema kwa upole. Alinisikiliza hadi mwisho, kidole kwenye kipenga, kama alivyozoea kumsubiri mchezaji amalize kubwata.

"Sikumtuma mtu," alisema. "Picha alipigwa Kulwa. Mashine yenu ndiyo ilimwita."

"Kulwa ni wewe," nikamwambia. "Ndivyo tunavyomwita mgonjwa."

"Mimi ni Doto, dada. Kulwa yuko hapo nje. Ameshika mkoba wangu."

Nikafungua mlango. Kwenye benchi alikaa Doto Lusangija mwingine, uso uleule, shingo ileile ndefu, ila hana kipenga. Alisimama akaniamkia. Sikumbuki kama niliitikia.

Walinieleza wote wawili, huyu akianza, mwenzake akimalizia. Chumba cha Pumzi, wanamopigwa picha na kutoa makohozi wagonjwa, hakina mhudumu tangu tulipoweka sauti ya Mpambanuzi. Siku ile Doto alikuwa hoi, na Kulwa aliingia naye ili amshike. Sauti ikasema: Kulwa, puliza hapa. Kulwa akapuliza. Ikasema: Kulwa, tema mate hapa, kisha simama kwenye mstari upigwe picha. Kulwa akatema, akasimama. Halafu ikasema: sasa mbegu ya Doto, kohoa kwenye kikombe. Doto akakohoa. Hawakuona ajabu, kwa sababu wakati wa kifua kikuu zahanati iliwapima wote wa nyumbani, nao wakadhani na kwetu ni hivyohivyo. Kulwa alisema alitoka pale anatusifu. Aliona hospitali inayowajua watu kwa majina yao.

Vinasaba vilikuwa vya mtu mmoja kwa kuwa wote wawili walitoka kwenye yai moja. Hakuna aliyeingia kwenye jalada. Picha ilikuwa ya Kulwa, makohozi yalikuwa ya Doto, na Mpambanuzi aliona saratani ya mtu akaiita taka ya maabara, kwa sababu mimi nilimfundisha kwamba Doto ni jina la sanduku.

Nilikwenda chooni nikanawa uso. Nimemshuku kila mtu aliyepita mbele yangu kwa miaka kumi na tisa, na hata siku moja sikumshuku aliyeyaandika yale majina mawili. Niliona aibu, na hadi leo sijapata pa kuiweka.

*

Daktari Machumu aliinamia hadubini muda mrefu. Nilitarajia abishe, na nilikuwa nimejiandaa. Hakubisha. Alisema aina hii ameikata mara mbili tu tangu aanze kazi. Kesho yake tukampiga picha Doto mwenyewe, na uvimbe ukaonekana kwenye bomba la kushoto, saizi ya harage, haujatoka nje ya bomba. Machumu alieleza kwamba atakata kipande cha bomba chenye uvimbe, kisha atazishona pamoja ncha mbili zinazobaki, na pafu lote litabaki mahali pake. Alipanga Alhamisi.

Halafu akaniambia tumsajili kwa jina jingine, Nkamba, na jalada la zamani lifutwe. Nilimuuliza kwa nini lifutwe. Akafunga mlango.

Sheria, alinikumbusha, inasema kosa la utambulisho likitamkwa rasmi, masanduku yote yanafungwa siku arobaini hadi wakaguzi wapite. Sanduku lililofungwa halilishwi, na pafu lisilolishwa hufa siku ya tatu. Ukiondoa la Doto, mle ndani kulikuwa na mapafu ya watu kumi na tisa wanaosubiri dawa. Sanduku la nne lilikuwa la mzee Bahebe, ambaye dawa yake ilipatikana juzi baada ya nyingine sita kushindwa. Alikuwa aanze Jumatatu. Sanduku lake likifungwa, hakuna anayeruhusiwa kumpa, na siku arobaini yeye hana.

"Niache niwamalizie tiba hawa kumi na tisa," Machumu alisema. "Nikimaliza, barua nitaiandika mwenyewe."

Nilimuuliza kwa nini aliulizia sanduku la Lusangija. Alinishangaa. Alisema pafu la mzee Bahebe lilikuwa dhaifu, na sanduku la Lusangija lilikuwa karibu zaidi na pampu, akataka alihamishie pale. Nilikwenda kuhakikisha, nikakuta ni kweli. Iliniudhi, maana ningeona nafuu kama angekuwa mwongo.

Sikujua kama analinda wale kumi na tisa au analinda kiti chake. Nilichokijua ni kwamba kunyamaza kungenilinda na mimi, tena mimi zaidi ya yeye, kwa kuwa jina langu lipo kwenye mstari wa kwanza wa ile mashine. Nilikubali. Na nilivyokubali upesi, nilijishuku.

*

Jumatano nilimpelekea Doto utepe wa mkononi wenye jina la Nkamba. Aliusoma, akauliza Nkamba ni nani. Nilimweleza yote, pamoja na masanduku na mzee Bahebe na siku arobaini, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuficha. Kulwa, aliyeketi miguuni mwa kitanda, alisema jina si kitu, cha msingi mwenzake apone. Doto aliuzungusha ule utepe.

"Kina Doto wangapi wamepita humu?" aliuliza.

Nilimwambia asiwaze hayo, apumzike.

"Mimi nikikosea uamuzi, na mpira haujaanza tena, naurudisha," alisema. "Uwanja mzima unanizomea, lakini naurudisha. Mpira ukishaanza, basi, huwezi tena."

Nilishuka maabara nikatafuta kwenye majalada. Kina Doto wako wengi kwetu, lakini walioingia Chumba cha Pumzi pamoja na pacha wao, kinundu kikakatwa sandukuni, wakaondoka na cheti cha SAFI, walikuwa wanne. Vichupa vyao vyote vilikuwemo kwenye jokofu bovu. Vitatu vilikuwa taka kweli. Cha nne hakikuwa taka, na haikuwa saratani ya taratibu kama ya Doto wetu. Mwenyewe aliitwa Doto Malendeja, fundi wa baiskeli za umeme, wa Magu. Cheti chake kilikuwa cha miezi kumi na minne iliyopita.

Nilikirudisha kichupa mahali pake. Nilijiambia nitampigia baada ya upasuaji, kwamba siku mbili haziwezi kubadili kitu.

Alhamisi Machumu alifanya kazi ambayo sitathubutu kuisema vibaya. Kwa muda wa saa tatu na nusu alikuwa ameinama juu ya lile bomba, na kilichotoka kilikuwa pete ndogo ya nyama yenye uvimbe katikati. Niliipima kingo zote mbili mwenyewe, mara mbili, kwa macho yangu na si ya mashine, na zilikuwa safi. Ijumaa asubuhi niliweka kifaa changu kushoto, chini ya bega la Doto. Hewa ilipita hadi chini kabisa. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Kulwa alinishika mkono. Doto hakuruhusiwa kupuliza chochote kwa wiki sita, akaomba angalau akishike kipenga chake, akapewa.

Aliponiona naondoka akasema, kwa sauti ya mgonjwa, "Dada. Mpira haujaanza."

*

Kwenye meza yangu kuna simu ya hospitali. Mpambanuzi huisikiliza, na kosa lolote linalotamkwa humo huwa ni taarifa rasmi palepale, bila barua. Machumu alikuwa amenionya juu ya hilo. Simu yangu mwenyewe ilikuwa mfukoni. Mbele yangu, kwenye skrini ya ukumbi, masanduku kumi na tisa yalikuwa yanapumua, na la nne, lile la mzee Bahebe, lilikuwa limepata rangi nzuri ambayo halijawahi kuwa nayo.

Kama ningetumia yangu, angejua Malendeja peke yake. Na mwaka ujao Doto mwingine angeingia Chumba cha Pumzi na pacha wake, nayo sauti ingesema nilichoifundisha, huku mimi nikingoja barua ya Machumu. Labda angeiandika. Simjui kiasi hicho, na mwenyewe sijijui vizuri zaidi. Nilimfikiria mzee Bahebe, ambaye hukaa kwenye korido akisoma gazeti kwa sauti ili wenzake wasikie. Nilimwomba radhi moyoni, radhi isiyomsaidia kitu. Nikanyanyua simu ya hospitali.

Ilipokelewa na sauti ya kiume. Nilisema naomba kuongea na Doto Malendeja.

"Doto hayupo," sauti ilisema. "Tulimzika mwezi wa pili. Mimi Kulwa. Nani mwenzangu?"

Nilisema ninapiga kutoka Hospitali ya Pumzi.

"Ndiyo nyinyi mliosema yuko safi," alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayehakikisha anwani. "Cheti chenu mama anacho hadi leo. Anasema kama hospitali haikuona kitu, basi Doto alirogwa. Anasema ni shangazi. Shangazi amehama, haji tena hapa nyumbani. Sasa mnamtaka Doto wa nini?"

Nilimtajia jina langu lote, Nyanzobe Kadelya, na kazi yangu. Nilimwambia shangazi hana kosa. Nikamuuliza kama siku ile sauti ilimwambia apulize, akasema ndiyo, na akapigwa picha, akasema ndiyo, akidhani ni utaratibu. Nikamweleza picha ile ilikuwa ya nani, na makohozi yalikuwa ya nani, na kilichokuwa ndani ya kichupa, na mkono ulioandika majina yale mawili kwenye mashine.

Kwenye skrini taa ya sanduku la kwanza iligeuka njano, rangi ya sanduku lililofungwa. Kisha la pili. Nikaipa skrini mgongo kabla haijafika la nne.

Kulwa aliniomba nirudie jina langu, nikarudia.

"Subiri," alisema. "Usikate. Namwita mama, umwambie mwenyewe kama ulivyoniambia mimi."

Nikasubiri, simu sikioni, nikisikia ndala zake zikivuka uani, na mwanamke mtu mzima akiuliza kutoka mbali ni nani anayemtaka.